Uchaguzi wa Sufuria

Tulimwacha Zubeda na mwiko wake hewani, filimbi inalia, na watu wazima na akili zao wameganda mbele ya sufuria yake ya pilau, sahani mkononi. Leo tunaanzia hapohapo, maana pilau haingoji.

"Hakuna kutikisika!" Octave alinguruma kwenye kipaza sauti. "Filimbi imelia! Kila mutu abaki palepale!"

Octave ni Mrundi, mlinzi wa geti la maduka kule Randburg, na ndiyo sababu alipewa kusimamia uchaguzi. Gari lisilo na kibandiko halipiti kwake, hata likiwa la bosi mwenye maduka. Siku hiyo alikuja moja kwa moja kutoka zamu, na sare yake na kofia yake.

Kwa msomaji aliyechelewa, habari yenyewe ni fupi. Umoja wa Majirani, chama cha Waswahili wa Joburg, Wabongo kwa Wakongomani, ulikuwa unachagua mwenyekiti katika ua wa ukumbi wao pale Braamfontein. Uchaguzi uliopita walitumia sanduku, kura zikatoka nyingi kuliko watu. Safari hii wakasema basi, kila mtu asimame nyuma ya mgombea wake mchana kweupe, tuonane uso kwa uso.

Na pilau huliwa baada ya kura. Hilo linaheshimiwa kuliko katiba, kwa sababu ikiliwa kabla, watu hufuta midomo wakaondoka. Lakini Zubeda alikuwa amemsikia Mwenyekiti Karimu akinong'ona kwenye simu: "Jiko nishakupa wewe. Niletee kura tu." Nani huyo upande wa pili wa simu, Zubeda hakumjua. Jiko alilijua. Ni jiko la nyuma ya ukumbi, anapopikia wanafunzi na watu wa maofisini, na ndilo linalomlisha na kumvalisha. Karimu huyohuyo alikuwa amemwapia kwamba jiko ni lake mpaka kiama. Mpinzani wake, Lambert, naye alikwisha kuwaahidi wanakwaya waweke ngoma zao humo.

"Funua," shoga yake Célestine, msusi wa Bukavu, alimwambia sikioni. "Funua sasa hivi, mama. Baone!"

Akafunua kwa hasira. Harufu ikatembea uani, mistari ya wagombea ikavunjika, na watu wakajipanga mbele ya sufuria bila kuambiwa. "Octave, piga filimbi!" Célestine akapaza sauti, na Octave, ambaye ameishi akipokea amri za watu wenye sauti, akapiga.

Hapo ndipo tulipo.

Octave alipita akihesabu kwa kidole. Alihesabu mstari wa Karimu. Alihesabu mstari wa Lambert. Kisha akaingia mstari wa sufuria, akafika katikati, akavua kofia, akaanza upya.

"Sufuria inaongoza," alisema.

Ua mzima ulicheka. Karimu hakucheka. Karimu ni mtu wa Dar, wakala wa kusafirisha mizigo, amekalia uenyekiti muda mrefu hata watoto waliozaliwa hapa hudhani Mwenyekiti ndilo jina lake.

"Octave, acha mchezo. Sufuria si mgombea."

"Miye sikusema mugombea. Kanuni mulitunga wenyewe. Mutu anahesabiwa nyuma ya mutu mwenye amemusimamia mbele. Na mwanachama yeyote anaweza kuchaguliwa. Sasa mbele ya hawa amesimama nani?"

Watu wakamtazama Zubeda. Zubeda akageuka kutazama nyuma yake, labda kuna mwingine. Kulikuwa na ukuta tu.

"Mimi?" alisema. "Mimi ni mpishi tu jamani!"

"Mes frères, ndugu zangu," Lambert aliingilia, huku akijinyoosha suti yake ya zambarau. Lambert ni fundi cherehani wa Lubumbashi, na suti zake ndizo sera zake. "Hii ni aibu. Demokrasia haiwezi kufanyika na njaa."

"Lini ilifanyika bila njaa?" aliuliza Duni.

Duni ana spaza, kiduka cha mtaani, kule Soweto, na alikuwa wa tatu kwenye mstari wa sufuria, sahani mbili mkononi, moja ya kwake na moja ya bahati.

"Kule nyumbani nilipiga kura mpaka kidole kikazoea wino," aliendelea. "Hapa siruhusiwi kupiga, na sijui kipi kinauma zaidi. Jirani yangu kule Soweto, mzee wa watu, alikaa nusu ya maisha yake akiisubiri haki ya kupiga kura. Uchaguzi uliopita kapita dukani kwangu asubuhi. Nikamwambia, baba, kituo cha kura ni upande ule. Akaniambia, eish, mwanangu, nipe mkate. Akachukua mkate wake, akarudi kulala. Sasa kama mwenyewe kachoka, mimi mgeni ni nani nisisimame penye nyama?"

"Sikilizeni," Zubeda akasema, "mimi sigombei kitu. Mimi hata kura sipigi."

Na kweli hapigi. Mara ya mwisho ilikuwa Tanga, uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa. Aliamka alfajiri, akasimama juani na mimba yake, akamchagua kijana mmoja mwenye maneno matamu. Kijana akashinda, mtaa ukacheza ngoma. Mwezi haukwisha, kijana akahamia kwa walewale aliowashinda, eti anaunga mkono juhudi. Zubeda alimkuta sokoni, akamuuliza: juhudi za nani? Kijana akamnunulia soda. Tangu hapo Zubeda hajapiga kura, na soda ya rangi ile haitaki hata kuiona.

"Umesikia?" Karimu alimwambia Octave. "Mwenyewe hataki. Na isitoshe, mchele wa pilau hii nimenunua mimi. Watu hawa wamefuata mchele wangu, kwa hiyo ni watu wangu."

Lambert aliruka. "Na nyama? Nyama ni yangu! Nimeenda mpaka Fordsburg kwa mchinjaji Mwislamu, ili ninyi wote mule!"

"Basi chomoa nyama yako."

"Chomoa wewe mchele wako!"

"Na viungo ni vyangu," alisema Zubeda. "Mkimaliza kuchomoa, nirudishieni na harufu."

Karimu alikuwa na dawa. Alitembea mpaka mwisho wa ua, akageuka, akanyoosha mkono kama anayeelekeza lori linalorudi nyuma. "Leteni sufuria hapa, nyuma yangu. Halafu tuone watu wanamfuata nani. Kama wanampenda Zubeda, watabaki na Zubeda."

Octave alifikiri. Kanuni haikukataza sufuria kuhama. "Sharp," alisema. "Sufuria ihame. Watu wahame kama wanataka. Nitapiga filimbi tena, na hiyo itakuwa ya mwisho."

Vijana wawili wakaishika sufuria kwa matambara, wakaibeba, wakapita nayo katikati ya ua. Na mstari wote, wasomaji wangu, ukageuka ukaifuata. Walienda bila haya, wengine wanakimbia.

Zubeda alibaki na mwiko. Dakika chache tu nyuma alikuwa amesema mbele ya watu kwamba hataki chochote, kwa hiyo hakuelewa kwa nini alijali. Iliuma. Aliona aibu kwamba inauma, nayo aibu ikaongeza maumivu.

Aliyebaki alikuwa Célestine peke yake, mikono kifuani, nywele zake amesuka juu kama ngome.

"Nenda kale, mama," Zubeda alimwambia.

"Miye sitoke hapa."

"Nyama itaisha."

"Iishe. Nitakula kesho. Weye utakuwa présidente leo, hata kama Mungu hapendi."

Zubeda alimshika mkono. Shoga wa namna hii, alijiambia, hupatikana mmoja katika maisha.

Kule upande wa pili Karimu alikuwa anapakua mwenyewe, akitabasamu meno yote. Hajui kupakua. Alichota juujuu, akawapa wa mwanzo nyama zote na wa mwisho ukoko, na watu wakanuna kimyakimya huku wakisema asante. Duni alijaziwa sahani zake mbili, akapiga bismillahi, akaonja. Kisha akageuka, akaanza kuvuka ua kurudi alikotoka.

"Duni, unakwenda wapi?"

"Nimeshapakuliwa, Mwenyekiti. Sasa nakwenda kusimama."

"Hicho ni chakula changu!"

"Ndiyo, na kitamu. Mungu akuzidishie."

Akaenda akasimama nyuma ya Célestine, anatafuna. Akaja mwanamke mwingine na sahani yake. Wakaja walinzi wawili waliotoka zamu pamoja na Octave. Wakaja wanafunzi, wakiwa wamejaza mpaka kwenye vifuniko vya vyombo vyao. Wengi walirudi, si wote. Wengine walibaki karibu na sufuria, maana kuna watu hawajawahi kuikimbia sufuria, na hao kila nchi inao.

"Mnamwona?" Duni alisema huku mdomo umejaa. "Anadhani kulisha ni kufunga kamba."

Zubeda alicheka, na kicheko kilimtoka na chozi. Akalifuta haraka kwa kiganja, akasingizia kitunguu.

Sasa mwangalie Lambert. Lambert aliutazama mstari wake, ambao ulikuwa umeyeyuka kushoto na kulia. Akautazama wa Karimu. Akarekebisha tai. Wanaume hawa hawajasalimiana tangu sherehe ya harusi moja walipogombania nani atakaa meza ya mbele, na juzi tu Lambert alimwita Karimu mwizi wa mchana. Akavuka ua taratibu, akasimama nyuma ya Karimu, akamwekea mkono begani.

"Kwa faida kubwa ya Umoja," alitangaza, "naunga mkono juhudi za ndugu yangu Karimu. Mimi nitakuwa makamu."

Mwiko ulimponyoka Zubeda.

"Umesema nini?"

"Naunga mkono juhudi, mama."

"Juhudi za nani?" Zubeda alipiga kelele, na ile ya Tanga yote ikapanda: jua, mimba, kijana, soda. "Wewe Lambert! Watu wamesimama nyuma yako tangu asubuhi, baridi hii ya Julai, wengine hawana makoti! Unawahamishaje bila hata kugeuka kuwatazama?"

Lambert hakugeuka. Mstari wake mdogo ulibaki umesimama nyuma ya mahali patupu. Mzee mmoja wa Kolwezi aliangalia pale patupu, akaangalia kofia yake, akaivaa. "Anatuachaka mu njia kama mizigo," alisema. Baadhi walimfuata Lambert kwa mazoea. Wengine walikuja kwa Zubeda na nyuso za msiba.

Octave akapiga filimbi ya mwisho.

Alihesabu. Akahesabu tena akianzia mwisho. Akamwita Duni ahesabu, kisha akamfukuza Duni kwa sababu Duni ni mpiga kura, akahesabu mwenyewe mara nyingine.

"Sawa kwa sawa," alisema. "Ngoma droo."

Kelele ziliposhuka, Octave aliinua kidole. "Lakini mugombea mwenye aliandikwa, kura yake imo tayari, na kuna mutu mumoja bado. Mama mupishi. Weye umesimama mbele tu, na mbele hapahesabiwi."

Watu wote wakamtazama. Karimu alikuwa wa kwanza kupata sauti, na sauti hiyo ilikuwa na asali.

"Zubeda, dada yangu. Njoo usimame hapa kwangu. Jiko ni lako. Naapa."

"Ulishaapa."

"Basi naapa tena."

Zubeda alipitisha macho kwenye mstari wa Karimu, ili tu aone sura za watu wanaoweza kusikia maneno hayo na wasisogee. Na hapo, karibu na mwisho, akaona kofia ya sufi iliyovutwa mpaka kwenye nyusi. Kofia ile alikuwa ameifua juzi.

"Nassir?"

Mumewe akainua uso nusu.

"Uko huko?"

"Mke wangu, nilishamwahidi mtu kabla mambo hayajageuka. Ahadi ni deni."

"Na mimi ulinioa bila ahadi?"

Nassir aliangalia viatu vyake. Hakutoka kwenye mstari.

Zubeda alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuta kitu kingine ambacho hakukialika: matumaini. Yalimkera sana. Ukubwani tena, baada ya kila alichokiona, na kwa sababu ya watu waliojaa mchele mdomoni! Lakini yalikuwapo, na hakuwa na namna ya kuyasukuma yarudi chini.

Akafungua aproni yake, akampa Célestine. Célestine akaipokea kwa mikono miwili, akaikunja vizuri kuliko inavyostahili aproni yenye mafuta, akaitia kwenye mkoba wake.

Zubeda akaupita mstari wake wote, kuanzia Célestine na Duni mpaka yule mzee wa Kolwezi, akafika mwisho kabisa, akasimama nyuma ya mgongo wa mtu kama mwanachama yeyote, akawa kura moja ya ziada ya mstari wake.

"Zubeda!" Octave alinguruma, na kipaza sauti kikalia. "Mwenyekiti ni Zubeda!"

Tusiseme mengi kuhusu vigelegele. Mjue tu kwamba majirani wa ghorofa ya pili walifungua madirisha, na basi lililokuwa linapita lilipiga honi bila kujua kwa nini. Duni alimwaga sahani ya bahati. Karimu alitoa funguo mfukoni, akazirusha badala ya kukabidhi. Zilianguka miguuni kwa Zubeda. Akaziokota, akazifuta vumbi.

"Hotuba, Mwenyekiti!"

"Chai kwanza," alisema. "Watu wana baridi. Tukinywa chai, tutaongea."

Hakika ilikuwa hotuba nzuri kuliko zote zilizowahi kutolewa uani pale. Akaelekea jikoni kuchukua birika, na watu wakamfuata kwa furaha tu, wakiimba.

Pilau ya leo aliipika nje, kwa gesi, kama ilivyo desturi ya siku za mikutano. Jikoni hakuwa ameingia tangu jana. Mlangoni alikuta kufuli jipya, linang'aa. Akajaribu funguo za Karimu mmoja baada ya mwingine, mpaka mmoja, mpya kama kufuli lenyewe, ukazunguka.

Akasukuma mlango. Nyuma yake nyimbo zikakatika.

Rafu yake ya viungo haikuwapo. Masufuria yake yalikuwa yamepangwa pembeni, yamefunikwa gazeti. Ukutani, palipokuwa na rafu, vilikuwa vimepigiliwa vioo viwili virefu, na mbele ya kioo cha kwanza kilisimama kiti cha kinyozi.

Zubeda alikisogelea kiti. Kilikuwa na mkono uliochanika, ukashonewa kiraka cha kanga nyekundu yenye michoro ya korosho. Kiraka kile alikishona yeye, kwa mkono wake, kanga ya harusi yake ilipochakaa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hiki kilikuwa kimevaa mpaka kanga yake.

"Nassir," aliita bila kugeuka.

Watu wakampisha. Nassir akaja, kofia mkononi.

"Kwa hiyo wewe ndiye wa kwenye simu."

"Zubeda, nisikilize. Kila wiki askari wa jiji wananifukuza pale kwenye robot, kwenye taa za barabarani. Nakimbia na kiti begani, mtu mzima, mteja ananifuata nyuma na nusu kichwa kimenyolewa. Nimechoka. Karimu alisema nikimletea kura za vijana wangu, nitapata chumba chenye mlango. Chumba chenye mlango, Zubeda, basi."

Na ubaya wa maneno yale ni kwamba yalikuwa ya kweli. Zubeda amemkanda mgongo ule usiku mara nyingi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!"

Karimu alikuwa amejipenyeza mpaka mlangoni, na rangi ilikuwa imemrudia. Alimwinamishia kichwa kwa heshima kubwa ya uongo. "Haya, Mwenyekiti. Mimi nilikuwa mbaya, nilikuwa nagawa vyumba gizani, kwa watu wangu. Sasa amua wewe. Mumeo, au wewe mwenyewe. Tunakusikiliza."

"Amua, Mwenyekiti!" watu wakapokea. "Amua!"

Zubeda alifungua mdomo kusema jiko ni langu, tokeni nyote. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Ndipo akaona alivyo: amesimama mlangoni na funguo mkononi, anajigawia mwenyewe, siku ya kwanza, kabla ya chai. Hata Karimu alisubiri wiki.

Akafumba mdomo. Na yule mwanamke aliyeapa kwamba hapigi kura tena duniani akasema:

"Twendeni uani. Tupige kura."

"Kura?" Nassir alishtuka. "Kati ya mimi na wewe? Mbele za watu?"

"Wanaotaka jiko libaki jiko, nyuma yangu. Wanaotaka liwe la kunyolea, nyuma ya mume wangu. Octave, shika filimbi."

Wakatoka. Nassir alibeba kiti chake begani kama alivyozoea, akakiweka upande wa pili wa ua, akasimama kando yake. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Hata vijana wake wa kule kwenye robot walikuwa wanajipanga kwa Zubeda, wakikwepa macho yake, maana walikuwa wamekula. Zubeda alimwona alivyo peke yake pale, na moyo ukamuuma, akatamani hata ajigawe nusu.

Kisha akakumbuka kitu.

"Nassir. Vioo mle ndani ni viwili. Kinyozi ni wewe mmoja. Cha pili cha nani?"

Nassir alikuwa anaangalia mbele ya mstari wa Zubeda, pale mtu wa kwanza husimama. Zubeda akafuata macho yake. Pale mbele palikuwa wazi.

Célestine alikuwa katikati ya ua, mkoba kwapani, anatembea polepole kama mtu anayepeleka pole ya msiba. Akafika kwa Nassir. Akasimama nyuma yake.

"Célestine," Zubeda aliita. "Mstari wetu uko huku."

"Najua, mama."

"Si wewe uliyeniambia nifunue sufuria? Si wewe uliyemwambia Octave apige filimbi? Si wewe uliyebaki na mimi peke yako, hujala?"

"Njo miye." Sauti ya Célestine haikutetemeka, lakini macho yalikuwa yamelowa. "Ile siku Karimu aliahidi Nassir chumba, Nassir akaniambia tutagawana, yeye anyoe, miye nisuke. Nikafurahi. Kisha nikajiuliza, Karimu ametimiza ahadi gani? Na Lambert anapea kwaya. Hakuna hata mumoja wa kuaminika. Njo nikatafuta mutu mwenye atashinda na jiko lipate kubaki bila mupishi, bila mutu kusema uongo."

Akafungua mkoba, akatoa aproni iliyokunjwa, akailaza juu ya kiti, kwenye kiraka cha kanga.

"Nilikuchagua na roho yangu yote, Zubeda. Lakini mwenyekiti hapikake."

Zubeda alisubiri mtu acheke, au atukane, au aseme upuuzi gani huu. Badala yake, nyuma ya mgongo wake, akaisikia sauti ya Duni, ya mtu anayefikiri kwa sauti bila nia mbaya:

"Lakini kweli jamani. Atapika saa ngapi?"

Viatu vikaanza kusogea kwenye saruji, kimoja, halafu vingi, na Zubeda hakuthubutu kugeuka kuona vinaelekea wapi. Octave akaweka filimbi mdomoni.